Boom Tunaidai, Mtaala Je?

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilifutwa na sheria mpya iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Mimi nasoma shahada ya ununuzi na ugavi, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na desa tulilofanyia mtihani muhula uliopita ni la sheria ile iliyofutwa. Desa haliitaji kama historia. Linaifundisha kama sheria inayotumika leo, vifungu kwa namba zake, viwango vya fedha, majukumu ya kila kamati, na sisi tumevikariri hivyo hivyo mpaka usiku wa manane.

Kwa ambaye hajapita chuo, desa ni notisi za mwalimu ambazo CR, yaani mwakilishi wa darasa, huzipeleka steshenari iliyo jirani na geti ili kila mtu akatoe kopi. La kwetu limetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimevimba na baadhi ya majedwali hayasomeki. Pembeni mwa ukurasa unaohusu zabuni za wazi kuna mwandiko wa kalamu wa mtu aliyetutangulia, sijui wa mwaka gani: "Hili halikosi UE." Na kweli kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, lilitoka. Ukurasa huo unaeleza jinsi mzabuni anavyonunua nyaraka kwa fedha taslimu, anavyoifunga bahasha yake kwa lakiri na kuitumbukiza kwenye sanduku la zabuni lenye kufuli, na jinsi sanduku linavyofunguliwa mbele ya wazabuni siku na saa iliyotangazwa.

Nilipokwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika halmashauri moja, sanduku hilo nililikuta. Lilikuwa juu ya kabati, limeegeshewa maboksi ya karatasi za kuchapia. Kazi yote ilikuwa inafanyika ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya ule wa TANePS. Mpango wa manunuzi wa mwaka unaingizwa humo, zabuni inatangazwa humo, na mzabuni aliyeko Mbeya au Mtwara anaomba kwa kompyuta yake bila kupanda basi wala kununua bahasha. Afisa aliyenipokea, mama mmoja mwenye subira, aliniuliza siku ya kwanza, "Mwanangu, NeST mmefundishwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, jina tu ndilo tumelisikia." Hakunicheka. Alivuta kiti akanikalisha pembeni yake, akafungua ukurasa wa zabuni ya vifaa vya zahanati, na kuanzia hapo akawa ananielekeza kila anachobonyeza na sababu yake. Alinionyesha jinsi mahitaji ya zahanati yanavyopaswa kulingana na mpango uliokwishapitishwa, na jinsi mfumo unavyoweka kumbukumbu ya nani amefanya nini na saa ngapi. Yale niliyoyapata kwenye kiti kile ndiyo ninayoyategemea nikimaliza chuo.

Nisingeona uchungu kiasi hiki kama hasara ingekuwa ya cheti changu peke yangu. Manunuzi ndiyo mlango ambao fedha nyingi za umma zinatokea. Dawa, madawati, vifaa vya maabara, barabara za vumbi zinazochongwa kila baada ya masika, vyote vinapita kwa mtu mwenye kazi kama ninayoisomea. Kila ripoti ya mwaka ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotoka, manunuzi yana sura yake ndani, na hoja zinafanana: zabuni zisizofuata utaratibu, mikataba yenye dosari, vifaa vilivyolipiwa ambavyo havijapokelewa. Sasa mchukue kijana anayeingia ofisini akiwa na sheria iliyofutwa kichwani. Hana namna zaidi ya kumtegemea anayemkuta pale. Akimkuta mama kama yule wa kwangu, amepona. Akimkuta mtu aliyezoea kula, basi huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wake wa sheria mpya.

Sheria hiyo inataka asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya taasisi ya umma itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Hapo kuna kikundi cha mafundi seremala wa mtaani wanaoweza kutengeneza madawati ya shule ya kata yao wenyewe. Kuna akina mama wanaoweza kushona sare au kulisha semina. Afisa asiyeijua haki yao hawezi kuwaeleza wafanye nini ili wajisajili, na wao hawana pa kuuliza kwingine.

Nilimfuata mwalimu wa somo lile ofisini, kwa kuwa CR wa darasa letu ni mimi na wenzangu walikuwa hawanipi nafasi. Nilimkuta amezungukwa na mafurushi ya karatasi za test. Hakukasirika. "Dada, unayoyasema nayajua," alisema. "Mwaka huu nina kozi nne, na darasa lenu tu mko zaidi ya mia tano. Sheria mpya hii hapa mezani, nimeisoma. Lakini mtihani lazima uendane na mtaala uliopitishwa. Akija mtahini wa nje akaniuliza swali hili umelitoa wapi, nimwambie nini?" Akanipa nakala yake ya sheria mpya niende nikaitolee kopi. Mwalimu mvivu hafanyi hivyo, na ni haki niseme.

Ila mwalimu mzuri aliyefungwa mikono hatoshi. Mwenzetu mmoja, kijana anayependa kusoma mbele ya wengine, alijibu swali la test kwa kufuata sheria ya 2023. Msaidizi aliyesahihisha alikuwa na mwongozo wa majibu, na mwongozo haukuwa na sheria hiyo, kwa hiyo akampiga kosa. Alipokata rufaa alirudishiwa alama zake, baada ya kuzungushwa sana. Darasa lilikuwa linaangalia. Wakati wa mtihani ulipofika, hata wale walioijua sheria mpya waliandika ya desa, maana UE inabeba alama 60 kati ya 100 na hakuna anayetaka kusapu, yaani kurudia mtihani, kwa sababu ya kuwa sahihi.

Baada ya mazungumzo yale na mwalimu nilikaa kuuliza mtaala unabadilikaje, na nadhani wanafunzi wengi hatujui. Mwalimu mmoja hawezi kuubadili. Idara inatakiwa ifuatilie wahitimu wake wako wapi na wanafanya nini, iwaulize waajiri, iite kikao cha wadau, iandike rasimu, ipitishe kwenye vikao vya kitivo, kisha Seneti ya chuo, ndipo ipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kupata ithibati. Kila hatua ina fomu zake, kalenda yake na bajeti yake. Katika safari ndefu namna hiyo faili moja likilala kwenye meza moja, mwaka mzima umekwenda.

Serikali inaijua shida hii. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021, una kazi ya kuhuisha mitaala sambamba na kujenga madarasa na maabara katika vyuo vya umma. Najivunia majengo yanayoinuka. Lakini mradi una mwanzo na mwisho. Sheria za nchi zitaendelea kubadilika, mifumo itaendelea kubadilika, na mtaala uliohuishwa kwa fedha za mradi utachakaa tena kama ndani ya chuo hakuna anayeuliza kila muhula: hiki tunachosoma bado ni kweli?

Wa kuuliza hilo ni mwanafunzi. Yeye ndiye anayeshika desa kila siku, yeye ndiye anayerudi kutoka fildi akiwa ameona kwa macho pengo liko wapi. Na chombo cha kuulizia kipo, kwa sababu tuna serikali ya wanafunzi. Hapa ndipo ninapoona ugonjwa wa masomo yetu na ugonjwa wa siasa zetu za chuoni ni ugonjwa mmoja.

Serikali ya wanafunzi chuoni kwetu ina rais, tunamwita prezidaa, ina mawaziri, ina Bunge lenye spika. Wiki ya kampeni chuo hakilali. Kuna spika za muziki kwenye uwanja, fulana zenye picha, wagombea wanaingia vyumbani hosteli kwa hosteli mpaka saa sita usiku kuomba kura. Nilizisikiliza kampeni za mwaka huu kwa makini. Ahadi zilikuwa boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, itoke mapema, wifi ifike hosteli zote, bei ya chakula kantini ishuke, na tamasha kubwa la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Hakuna mgombea aliyegusa tunachofundishwa. Waliopata nafasi ya kuuliza maswali nao hawakuuliza.

Niliingia kwenye Bunge letu na hoja ya maandishi. Nilitaka Wizara ya Elimu ya serikali ya wanafunzi ikusanye kutoka kwa kila CR orodha ya kozi zilizopitwa na wakati na kuipeleka kwa uongozi wa chuo. Nilikuwa nimeambatisha mifano ya darasa letu. Kabla yangu Bunge lilikuwa limejadili ucheleweshaji wa boom tangu kikao kilipofunguliwa, watu wamesimama, sauti zimepanda, taarifa juu ya taarifa. Nilipopewa nafasi nusu ya wabunge walikuwa wameshika simu. Nikaisoma hoja. Mheshimiwa spika akasema imepokelewa, akaita ajenda inayofuata. Baadaye kiongozi mmoja wa ofisi ya chuo inayoilea serikali ya wanafunzi alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, una akili, usiharibikiwe. Mambo ya mitaala waachie wataalamu, msilete siasa kwenye taaluma."

Nimelifikiria sana neno lile. Kama kudai sheria iliyo hai badala ya sheria iliyokufa ni kuleta siasa kwenye taaluma, basi taaluma inazihitaji siasa za aina hiyo, na nchi hii ina historia ya kulithibitisha.

Kila mtu anayezungumzia wanafunzi wa zamani huanza na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mimi pia nitaanzia huko, ila si kwa kuwasifia tu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao kupinga mpango mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wahitimu watumikie miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika. Aliwafukuza wanafunzi karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Maandamano yale yalikuwa ya mfuko. Yalikuwa, kwa lugha yetu ya leo, maandamano ya boom.

Lakini tazama yaliyofuata. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata kukafanyika mkutano chuoni wa kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi inayojenga ujamaa. Mwaka huo huo wanafunzi waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wenye mrengo wa kimapinduzi, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, ambaye leo ni Rais wa Uganda. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, wanasoma wanachokosa kwenye ratiba. Mwaka 1969 mvutano uliingia Kitivo cha Sheria, wanafunzi wakitaka sheria ifundishwe kwa kuangalia jamii wanayoishi. Novemba mwaka huo wakaanzisha jarida, Cheche. Karim Hirji, Zakia Meghji na Henry Mapolu walikuwa kwenye uhariri wake. Toleo lake maalumu la 1970 lilibeba andiko refu la Issa Shivji, wakati huo kijana mdogo tu, juu ya mapambano ya kitabaka nchini mwetu, andiko ambalo wasomi wanalirejea hadi leo. Walimu kama Walter Rodney walikuwa wanaandika jarida moja na wanafunzi wao.

Kwa hiyo ndani ya muda mfupi kizazi kile kile kilitoka kwenye kudai mshahara kikafika kwenye kudai maana ya masomo yenyewe. Hii ndiyo sehemu ya historia inayonipa nguvu. Nikisikia mtu anasema wanafunzi wa siku hizi wanajali matumbo tu, namkumbusha kwamba wa 1966 nao walianzia hapo hapo.

Na walibadilisha kitu. Kozi ya DS, Development Studies, ambayo karibu kila mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania anaipita awe anasoma uhandisi au uuguzi, chimbuko lake ni ubishi wa miaka ile, kwamba msomi asimalize chuo bila kuijua jamii inayomlipia. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa Mlimani mwaka 1973. Inaniuma kuona kozi hiyo, iliyozaliwa na wanafunzi waliokataa kukariri, leo ni moja ya kozi tunazozikariri kuliko zote. Kwenye kitini chetu cha DS Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ina nchi tano. Sudan Kusini iliingia 2016, Congo 2022, Somalia 2024. Mwenzetu mmoja kutoka Kigoma, ambako Congo iko ng'ambo ya ziwa tu na biashara ya kwao yote inaitazama, alisimama darasani kuuliza habari hiyo, akaambiwa aandike kama ilivyo kwenye kitini.

Tulifikaje hapa? Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliyekuwa amemwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi, alichukuliwa na askari wa kutuliza ghasia, FFU, na kurudishwa kwao, chuo kikaingia kwenye mgogoro mkubwa. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, mamia wakafukuzwa, na baadaye wanafunzi wote wakawekwa chini ya MUWATA, jumuiya iliyokuwa mkono wa chama tawala. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kabisa baada ya mgogoro mwingine. Mzazi aliyepitia miaka ile akimwambia mwanawe "nenda kasome, usijiingize kwenye mambo ya wanafunzi", hasemi kwa woga wa bure. Baba yangu ananiambia hivyo kila likizo.

Kisha likaja la fedha. Miaka ya 1990 mfumo wa kuchangia gharama ulichukua nafasi ya elimu iliyolipiwa yote na serikali, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Tangu hapo uhusiano wa mwanafunzi na nchi yake ukawa wa mkopaji na mkopeshaji. Sishangai kwamba mazungumzo yetu yote yamehamia huko. Niseme wazi, boom si jambo dogo na simdharau anayelipigania. Ninakaa chumba kimoja na binti mwenye mkopo wa asilimia chache, mtoto wa mkulima wa mihogo. Boom ikichelewa anapiga pasi ndefu, anakula mara moja tu jioni, na anakuja darasani saa moja asubuhi akiwa na chupa ya maji. Hawezi kusubiri niweke mbele hoja ya mtaala. Mtu mwenye njaa ana haki ya kudai chakula kwanza.

Lakini nawaomba wenzangu walitazame deni lenyewe. Tukiajiriwa tutakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka mkopo uishe. Tunachokilipia ni nini? Rafiki yangu huyo atakatwa kwa miaka mingi kulipia, pamoja na mengine, masaa aliyokaa kufundishwa jinsi ya kufunga bahasha kwa lakiri. Kama tuna haki ya kudai fedha ifike kwa wakati, haki ya kudai elimu tuliyoinunua kwa fedha hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa fedha tutairudisha, miaka mitatu ya ujana hatutarudishiwa na mtu.

Kuna jambo la vyama, nalo siwezi kulikwepa. Ndani ya vyuo shughuli za vyama haziruhusiwi, na kila mtu anajua vyama vipo. CCM ina Seneti ya Vyuo Vikuu, CHADEMA ina CHASO, vikao vinafanyika kwenye kumbi za nje. Sina ugomvi na mwanafunzi mwenye kadi. Tuna miaka zaidi ya 20, tunapiga kura, tunaweza kugombea udiwani. Kinachonikera ni kwamba nguvu hiyo yote ya kujipanga, ambayo nimeiona ikijaza mabasi kwa siku moja, haijawahi kuletwa kwenye mtaala. Nimewahi kumuuliza mwenzangu mmoja aliye na cheo kwenye chama chake kwa nini. Alinijibu kwa ukweli ambao namshukuru: mtaala hauna mtu wa kumpigia makofi. Ukipigania boom kila mtu anakuona, ukipigania kozi ya ununuzi wa umma utaonwa na darasa moja. Na uongozi wa wanafunzi, kwa wengi, ni ngazi. Wanatazama walioanzia hapo wakafika kwenye ukuu wa wilaya.

Mahali ambapo bado naona uhai ni kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti ambako tunafanya diskasheni. Darasani tunafundishwa kwa Kiingereza na ukumbi mzima unanyamaza, watu mia tano wanaandika. Kwenye kimbweta tunarudi kwenye Kiswahili na ghafla kila mtu ana la kusema. Huko ndiko kijana wa Geita alikotueleza jinsi wachimbaji wadogo wanavyoshindwa kuomba zabuni kwa kukosa usajili, na dada aliyewahi kufanya kazi bohari ya dawa akatuchorea kwenye karatasi dawa inavyotoka bohari kuu mpaka dirisha la zahanati, na mahali inapopotelea. Mambo yale hayako kwenye desa lolote. Yangekuwepo kama anayeandika mtaala angekuwa na desturi ya kutusikiliza.

Basi kwenye kimbweta ndiko tulikoandika barua yetu, baada ya Bunge kuipokea hoja na kuilaza. Tuliifanya iwe ya kazi. Upande mmoja wa jedwali tuliweka mada za kozi kama zilivyo kwenye mtaala, upande wa pili sheria ya 2023 na kanuni zake za 2024 zinasema nini, na upande wa tatu kile ambacho kila mmoja wetu alikikuta fildi. Waliofanya fildi hospitali, mamlaka za maji, halmashauri na kampuni binafsi, kila mmoja aliandika mstari wake. Mwalimu wetu aliipitia, akasahihisha mahali tulipotafsiri kifungu vibaya, na akakubali jina lake litajwe kwamba ameiona. Tukaipeleka kwa mkuu wa idara kwa mkono, tukasaini daftari la kupokelea.

Majibu hayakuwa mabaya. Idara ilikubali kumwalika mtaalamu kuja kutuonyesha NeST siku ya Jumamosi, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, siku ambayo si ya pindi na haina alama. Aliyekuja alifungua mfumo kwenye projekta, akatangaza zabuni ya mfano ya ununuzi wa viti, akatupitisha mpaka mwisho, maswali yakamzuia kuondoka hadi jioni. Kwenye mtaala bado hakujabadilika kitu. Tumeambiwa mapitio ya programu yetu yameanza na barua yetu imeingizwa kwenye faili.

Tuliomba viti viwili vya wanafunzi kwenye kamati ya mapitio, tukapewa kimoja, cha kikao cha wadau, na huko tutaalikwa kutoa maoni bila kupiga kura. Tumekubali kukikalia. Lakini barua ya pili tumeshaiandika, ya kukiomba kile kingine, na safari hii tumeipeleka pia kwa CR wa uhasibu, wa takwimu na wa ustawi wa jamii ili nao waandike jedwali la kozi zao. Wagombea uprezidaa wa mwakani wameanza kupita hosteli kimyakimya kama kawaida. Wawili wamekuja chumbani kwetu. Kila mmoja tulimpa nakala ya jedwali na kumwambia kura zetu zitakwenda kwa atakayelisoma jukwaani, mbele ya watu, kabla ya kutaja boom.